Mungu wa Dunia Yote, Chemchemi ya Nani?

Katika vijiji vingi vya Mtwara na Lindi, ukitaka kuona miti mikubwa ya asili iliyobaki, nenda makaburini. Pande zote utakuta mikorosho, mihogo, ufuta, au shamba lililoachwa likaota majani. Makaburini kuna mibuyu, mikwaju na vichaka vilivyofungamana mpaka jua linapenya kwa shida. Hakuna bango la Wakala wa Huduma za Misitu, hakuna mgambo, hakuna faini iliyobandikwa popote. Mama anayetafuta kuni anapita kando ya makaburi na kuendelea na safari, hata kama tawi kavu limeanguka pale pale njiani. Ukimuuliza sababu atakujibu kwa kifupi kwamba pale hapachukuliwi kuni. Mwislamu atakujibu hivyo, na Mkristo pia.

Nimeanzia huko kwa makusudi, kwa sababu mjadala wa dini na mazingira kwa kawaida huanzia kwenye matamko, na matamko hayajawahi kupungua. Mwaka 1986 viongozi wa dini mbalimbali walikutana Assisi, Italia, wakaeleza kila mmoja imani yake inasema nini juu ya viumbe. Juni 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si'. Miezi miwili baadaye wanazuoni wa Kiislamu wakatoa tamko lao Istanbul kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2024, Nairobi, ukazinduliwa waraka mwingine wa Kiislamu uitwao Al-Mizan. Yote hayo ni maandishi ya kina, na ninawashukuru walioyaandika. Lakini kati ya Assisi na leo, misitu ya Kilwa, Liwale na Nachingwea imeendelea kupungua, na makaburi ambayo hayajaandikiwa waraka wowote yamebaki na miti yake. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie.

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika makala katika jarida la Science akidai kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira imo ndani ya Ukristo wa Magharibi. Hoja yake ni kwamba Mwanzo sura ya kwanza inamwagiza binadamu aijaze nchi, aitiishe, na kuwatawala samaki, ndege na kila kiendacho juu ya nchi. Imani za kale ziliona roho katika mti na katika mto. Ukristo ulipoziondoa roho hizo, mti ukabaki kuwa mbao zinazosubiri shoka. Wakristo wengi walikasirika, ingawa White mwenyewe alikuwa Mkristo na ndiye aliyependekeza Mtakatifu Fransisko wa Assisi awe msimamizi wa wanaotunza mazingira. Papa Yohane Paulo wa Pili alilitangaza jambo hilo rasmi mwaka 1979.

Jibu la kanisa linajulikana. Sura ya pili ya Mwanzo inasema Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Laudato Si' inalirudia jibu hilo kwa uwazi na kukataa kwamba kutawala ni ruhusa ya kufanya lolote. Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji kwa vita. Nalikubali jibu hilo lote. Naona tu kwamba haligusi kiini cha alichokisema White, kwa sababu hakuwa akiuliza kama Biblia inayo mistari mizuri. Aliuliza kitu gani kilichukua nafasi ya kile kilichoondolewa.

Kwetu kusini, kilichoondolewa tunakijua kwa jina. Wayao wanauita msolo. Ni mti wa kawaida wa miombo, si mkubwa sana, majani yake huwa mekundu na ya njano kabla ya kupukutika. Chini ya mti huo mzee wa ukoo alipiga magoti, akamimina unga wa mtama taratibu kutoka kiganjani mpaka ukafanya kichuguu kidogo cheupe, akawaita waliotangulia kwa majina yao, akaomba mvua, uzazi, au safari njema. Wamakua nao walikuwa na tambiko kama hilo, kwa unga ule ule na mti ule ule. Mti wa tambiko haukukatwa. Kichaka cha kuzunguka chemchemi hakikuchomwa moto. Kila mahali palikuwa na mzee wake, na kila mzee alijua mipaka ya mahali pake.

Sitaki kuipamba hali ile. Watu walikuwa wachache, ardhi ilikuwa tele, na woga ulifanya kazi kubwa kuliko upendo wa mazingira. Miiko mingine ilimlinda mzee na mamlaka yake kuliko ilivyolinda chemchemi. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hatuna leo: utakatifu ulikuwa na anwani. Hata Vita vya Majimaji vya 1905 vilivyoanzia upande wa Kilwa vilikuwa na chimbuko lenye jina na mahali, Ngarambe, ambako Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu maji ya dawa. Watu waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani walipotafuta nguvu ya kusimama, waliitafuta kwenye maji ya nchi yao.

Uislamu ulikuwa pwani hii karne nyingi kabla ya hapo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una zaidi ya miaka 800. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876 wakiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, na Ndanda mwaka 1906, vumbi la Majimaji likiwa halijatua. Dini hizi mbili zilitangaza kwamba Mungu ni mmoja, mbingu na nchi ni zake, na hakuna mti wala jiwe la kuogopwa. Mimi ni Mkristo, na sina shaka kwamba habari hiyo ilikuwa njema. Iliwatoa watu kwenye hofu ya uchawi na kisasi cha mizimu, na ikampa mtumwa wa jana heshima sawa na ya mzee wa ukoo.

Lakini habari hiyo njema ilikuwa na pengo ambalo hatujaliziba. Mungu akiwa mwenye dunia yote, ni nani anayeisimamia chemchemi hii, ya kijiji hiki, chini ya mteremko huu? Mzee wa tambiko aliondolewa na nafasi yake haikujazwa. Padre alipewa parokia, mchungaji akapewa usharika, sheikh akapewa msikiti na madrasa, wote wakakabidhiwa watu. Chemchemi haikukabidhiwa mtu. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoichukua misitu, kwa sheria ya misitu ya 1904 na nyingine zilizofuata, na tangu hapo msitu umekuwa mali ya bwana misitu. Anayeuibia bwana misitu haoni kwamba ametenda dhambi.

Nimesoma na kusikia mara nyingi kwamba tatizo ni elimu. Sikubali. Mtu wa Liwale anajua kabisa kwamba msitu ukiondoka mvua inapungua na kisima kinakauka. Anafyeka kwa sababu ufuta unaota vizuri kwenye udongo mpya, bei yake imekuwa nzuri, na baada ya misimu michache udongo huo unachoka naye anasogea mbele. Ni lazima tuwe wakweli pia kwamba misitu hii haikuangushwa na aya ya kitabu chochote. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, magogo ya Kilwa na Rufiji yalipata njia ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam na bandarini. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa kutokana na mbao ilipotea kwa ubadhirifu na uzembe. White hakuyaona hayo. Uharibifu wetu ulikuja kwa lori, mnunuzi na kibali cha kughushi, na walioshiriki walikuwa waumini wa dini zote.

Dini basi inahusikaje? Inahusika kwa sababu ndiyo inayompa mtu ruhusa ya moyoni au kumnyima. Wizi wa ng'ombe hukemewa mimbarini na altareni, uzinzi unakemewa, pombe inakemewa. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku na serikali tangu mwaka 1970, na kwa miongo mingi baada ya hapo milipuko ilisikika Mtwara, Lindi na Kilwa, wakati mwingine mchana kweupe, karibu na misikiti iliyojaa wakati wa Ijumaa. Matumbawe yakawa kifusi. Samaki wadogo na mayai yao wakafa pamoja na wakubwa. Uislamu una kanuni iliyo wazi kabisa, kutoka kwenye hadithi ya Mtume, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Hosea naye anasema nchi itaomboleza kwa dhambi za watu hata samaki wa baharini wataondolewa. Mahubiri yaliyokuwa yanahitajika yalikuwa tayari yameandikwa. Yalikosa kuteremshwa mpaka ufukweni.

Pemba waliyateremsha. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ni mahali wavuvi wengi wanapopategemea, na mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Marufuku peke yake hayakutosha. Kazi ikafanywa na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi wenyewe, wakikaa na Kurani na kusoma juu ya binadamu kuwa khalifa, yaani msimamizi aliyewekwa na Mwenyezi Mungu, na juu ya aya ya Sura Ar-Rum inayosema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Aya ni zile zile zinazosomwa Mikindani na Kilwa Masoko. Tofauti ni kwamba Misali ziliunganishwa na mwamba fulani, kina fulani, nyavu za aina fulani, na watu waliokuwa wanajuana. Mvuvi hakuambiwa atunze bahari ya dunia. Aliambiwa Misali.

Ethiopia nako kuna somo la namna hiyo upande wa Wakristo. Katika nyanda za kaskazini, ambako karibu misitu yote ya asili imegeuka mashamba na malisho, makanisa ya Kiorthodoksi yamebaki yamezungukwa na msitu. Ukiangalia picha zilizopigwa kutoka angani, unaona ardhi ya kahawia na vipande vya kijani vya mviringo, na katikati ya kila kipande kuna paa la kanisa. Waumini wanaona kwamba miti ni vazi la kanisa, kwa hiyo kukata ni kulivua. Katika miaka ya karibuni makuhani, kwa kushirikiana na wanasayansi, wamejenga kuta za mawe kuzunguka misitu hiyo ili ng'ombe wasiingie. Mkristo wa Ndanda au Newala hana sababu ya kusema jambo hilo ni la kipagani.

Wala jambo hilo si geni kwa kanisa la hapa kwetu. Masasi chini ya Askofu Vincent Lucas, katika miaka ya 1920, Waanglikana walifanya jambo ambalo wamisionari wengine waliliona la hatari: walilichukua jando. Badala ya kulipiga vita wakaliwekea sala na msalaba, na mahali pa tambiko pakawa pa ibada. Mtu anaweza kubishana kama walifanya vizuri. Ninachokiona mimi ni kwamba kanisa lile lilielewa kuwa imani isiyo na mahali pake porini haiwezi kumshika kijana wa Kimakua au Kiyao. Walichukua jando, wakaiacha chemchemi. Miaka 100 baadaye tunaweza kuimalizia kazi hiyo.

Kuna wanaosema dunia hii inapita, kwa nini tuhangaike nayo. Nimesikia hilo kutoka kwa wahubiri wa Kikristo wanaosoma 2 Petro sura ya 3, na nimesikia mfano wake kwa Waislamu wanaosema kila jambo ni kadari. Lilisikika Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipotishia Mtwara kabla ya kuipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Lilisikika tena Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kilwa na kusini nzima ikabaki imefungiwa: Mungu amependa. Sitaki kumdhihaki mtu aliyepoteza nyumba akapata faraja katika maneno hayo. Ila mafundisho yenyewe hayaishii hapo. Imepokewa katika Musnad, mkusanyo wa hadithi wa Imam Ahmad, kwamba Mtume alisema Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Sijui andiko linalofunga mlango wa uvivu kwa nguvu kuliko hilo.

Hata hivyo kuna mtego katika neno kupanda. Dini zetu zikishikwa na hamu ya mazingira hukimbilia siku ya kupanda miti: mgeni rasmi, fulana, miche ya mikaratusi, picha, na kiangazi kinapofika miche imekufa au imeliwa na mbuzi. Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) amejulikana kama askofu wa miti kwa kazi aliyoifanya Kilimanjaro, na kule mlimani, penye mvua na mashamba madogo ya vihamba, kupanda kuna maana kubwa. Kwetu miombo haihitaji kupandwa. Ukikata mti wa miombo na kuacha kisiki kipumue, kinachipua chenyewe. Kinachokiua ni moto wa kila mwaka na jembe linalorudi. Kazi ya dini kusini ni kuzuia moto na kuacha kufyeka, na kazi hiyo haipigwi picha. Mpingo unahitaji miaka zaidi ya 70 kufikia kuvunwa. Hakuna mgeni rasmi atakayeishi kuuona.

Mfano mmoja wa kwetu unanipa matumaini na pia unanisumbua. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, kwa misitu yao ya kijiji, wakauza mpingo kihalali na kupata fedha za kijiji. Mradi ule haukuanzishwa na kanisa wala msikiti. Ulitegemea Sheria ya Misitu ya 2002, inayoruhusu kijiji kumiliki msitu wake, na ulitegemea mipaka iliyopimwa na kamati yenye majina. Yaani walirudisha anwani bila dini. Sisi wenye dini tulikuwa wapi? Katika kijiji ambacho kamati ya maliasili inavunjika kwa sababu mwenyekiti kahongwa, msikiti na kanisa ndivyo vyombo vinavyobaki vikiaminiwa. Kamati inahitaji watu wanaoogopa kiapo.

Tuanzie ndani ya nyumba zetu. Kanisa linapojengwa au kukarabatiwa hapa kwetu, kamati inataka mninga. Milango ya mninga, mabenchi ya mninga, na kama fedha zinaruhusu, altare ya mninga. Misikiti nayo haitaki milango duni. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Mjadala unachukua jioni nzima juu ya bei kwa kipande, fundi yupi ana mashine nzuri, na nani atachangia. Swali la mbao zimetoka msitu gani haliulizwi. Mara nyingine mbao zinafika usiku, kwa bei ambayo kila mtu aliyepo anajua si ya mzigo uliolipiwa ushuru, na kesho yake zinabarikiwa kama sadaka. Hapo hatuhitaji waraka kutoka Roma wala tamko kutoka Istanbul. Mzigo halali una hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na gogo halali lina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mzee wa kanisa anayejua kuhesabu sadaka anaweza pia kuomba hati hiyo.

Kisha kuna maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaokunywa mvua yote, na maji hutokea chini, kwenye miteremko na mabonde. Vizazi vya wanawake wa Newala na Tandahimba waliteremka alfajiri na kupanda na maji kichwani, na hata mradi mkubwa wa maji wa Makonde unategemea chanzo cha Mitema, bondeni. Vyanzo vidogo viko vingi, kila kimoja na kijiji chake, na karibu na kila kimoja kuna msikiti, kanisa, au vyote viwili. Ningependa kuona kila kimoja kikikabidhiwa kwa ibada ya hadhara kwa wazee wa pande zote mbili, mipaka ikaandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na anayelima au kuchoma ndani yake akaitwa na sheikh wake au padre wake kabla hajaitwa na mtendaji. Ndugu zangu wa upande wa mama ni Waislamu, na katika familia nyingi za kusini hali ni hiyo hiyo. Tunazikana, tunaozana, tunakula pamoja Idi na Krismasi. Kuilinda chemchemi moja pamoja si jambo litakalotushinda kwa sababu za kiitikadi.

Litakalotushinda ni fedha, na hilo tulitazame mapema. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, michango ya kanisa na ya msikiti huanza kupangwa kwa mwaka mzima: paa, spika, gari la askofu, maulidi. Mtu anayeulinda mteremko wa chemchemi anaacha shamba ambalo lingempa mifuko kadhaa ya ufuta. Kama jumuiya yake haitoi kitu katika michango hiyo kumfidia, tumemtwisha peke yake mzigo wa maji ya wote. Kamati za msimu ujao zikikaa, fungu hilo liwe kwenye bajeti, na jina la chemchemi liandikwe mbele yake.